Orodha ya Mabingwa wa Saikolojia: Nukuu Huhesabiwaje, na Nani Hubaki Nje

Orodha ile ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi duniani ikitoka, maktaba yetu hupata wageni. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja huku magharibi mwa Kenya, mwendo wa matatu moja tu kutoka Kisumu mjini, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri kujua maandishi yao yanasomwa wapi na yananukuliwa na nani. Safari iliyopita wa kwanza kubisha hodi alikuwa mhadhiri wa saikolojia, mtu wa Bondo, mwenye miaka arobaini na kidogo. Simu alikuwa nayo mkononi. Kundi la WhatsApp la wahadhiri lilikuwa limejaa pongezi kwa wenzao wa fani nyingine walioingia kwenye "asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani".

"Madam," akaniambia, "nimetafuta jina langu humu tangu asubuhi. Makala zangu zimenukuliwa zaidi ya mara tisini. Mbona simo?"

Tukafungua kompyuta. Haikuchukua nusu saa kabla ya kugundua kwamba hifadhidata ya makala za watafiti ilikuwa inamjua kama watu watatu. Makala zake za kwanza zilitoka kwa jina la ubatizo na jina la baba. Nyingine zilitoka kwa herufi moja na jina lake la kuzaliwa. Jarida moja la ng'ambo lilikuwa limegeuza majina, la mwisho likawa la kwanza. Kwetu hili ni jambo la kila siku: ukitafuta J. Otieno unaletewa John, James, Joseph na Jared, na mashine haijui kwamba Otieno ni jina apewalo mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Tangu 2012 kuna dawa ya tatizo hili, namba ya ORCID yenye tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia bure na kuiweka kwenye kila makala. Yeye hakuwa nayo. Tulimsajili papo hapo.

Lakini nilimwambia ukweli. Hata tukiwaunganisha hao watatu wawe mtu mmoja, daktari, orodhani hutaingia, na hiyo haina maana kwamba kazi yako ni duni. Ili anielewe ilibidi tuanze na nukuu yenyewe.

Mtu anapoandika makala, mwishoni huorodhesha kazi alizozitegemea. Kila kazi iliyotajwa pale imepata nukuu moja. Aliyegeuza marejeo hayo kuwa kitu cha kuhesabika ni Eugene Garfield, Mmarekani, aliyetoa wazo hilo mwaka 1955 na kulifanya kitabu kikubwa cha fahirisi mwaka 1964 kupitia taasisi yake kule Philadelphia. Nia yake ya mwanzo sisi wa maktaba tunaielewa vizuri: alitaka msomaji akishika makala moja aweze kufuata nyayo, aone ni nani waliokuja baadaye wakaiendeleza au wakaipinga. Kilikuwa chombo cha kutafutia. Kupanga watu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kulikuja kukua juu yake baadaye.

Leo hesabu hizo hufanywa zaidi na vyombo vitatu. Web of Science ndiyo mrithi wa kazi ya Garfield. Scopus na Google Scholar zote zilianza 2004. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuingiza, na jarida lisilochaguliwa ni kama halipo. Google Scholar huzoa karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma kilichoko kwenye intaneti: vitabu, ripoti, tasnifu za wanafunzi, mihadhara. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu tofauti siku moja, na zote tatu zikawa sahihi kwa kipimo chake. Mgeni wangu alikuwa na nukuu tisini na kitu za Google Scholar. Kwenye Scopus, baada ya kumuunganisha, hazikufika hata thelathini. Zilizopotea zilikuwa za tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya hapa kwetu, na za majarida ya Kiafrika ambayo unaweza kuyasoma kupitia tovuti ya African Journals Online, iliyoanza 1998, lakini mengi yake hayamo ndani ya hizo hifadhidata mbili. Mwanafunzi wa Njoro au Kakamega aliyemsoma, akamwelewa na kutumia kazi yake kuandika tasnifu nzima, hakuhesabiwa.

Baada ya jumla ya nukuu, namba inayotajwa sana ni fahirisi h. Ilibuniwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Nilichukua karatasi nikamchorea, maana watu wengi huitaja bila kuwahi kuihesabu kwa mkono.

Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme mtafiti ana makala nane zenye nukuu 40, 22, 15, 9, 6, 5, 2 na 1. Jumla ni 100. Sasa shuka ukihesabu nafasi: ya kwanza ina 40, sawa, ya pili 22, sawa, ya tatu 15, ya nne 9, ya tano ina 6, bado nukuu zimepita nafasi. Ya sita ina 5. Hapo nukuu zimezidiwa na nafasi. Rudi hatua moja: h yake ni 5. Maana yake ana makala tano ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara tano. Mweke kando yake mtu mwenye makala nne tu, zenye nukuu 3000, 3, 2 na 1. Huyu ameandika kitu kimoja ambacho ulimwengu umekishika, lakini h yake ni 2.

Mgeni wangu aliitazama ile karatasi kwa muda. "Kwa hivyo aliyebadilisha fani nzima yuko chini ya aliyeandika vitu vitano vya wastani?" Kwa h, ndiyo. Hirsch mwenyewe alisema katika makala yake ya mwanzo kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya makadirio ya jumla kuhusu mtu. Kuna jambo jingine ambalo vijana wanapaswa kuambiwa mapema: h haishuki kamwe. Hupanda au husimama. Aliyeanza kazi 1985 na aliyeanza 2015 hawawezi kulinganishwa nayo, na hata kifo hakiizuii kupanda. Sigmund Freud alifariki 1939 na bado ananukuliwa kila wiki.

Hiyo orodha ya "asilimia 2" ilitengenezwa ili kurekebisha baadhi ya kasoro hizi. Ni kazi ya John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, iliyochapishwa 2019 katika jarida la PLOS Biology na kuhuishwa mara kwa mara. Hutumia data ya Scopus, na kuna jedwali la kazi ya maisha yote na jingine la mwaka mmoja wa karibuni, pamoja na hesabu iliyotoa nukuu ambazo mtu amejinukuu mwenyewe. Badala ya namba moja, huchanganya sita kwa uzito sawa: jumla ya nukuu, h, h iliyogawanywa kulingana na idadi ya waandishi, nukuu za makala ulizoandika peke yako, za makala ulizoandika peke yako au ukiwa wa kwanza, na za makala ulizoandika peke yako, ukiwa wa kwanza au ukiwa wa mwisho.

Hapo kwenye nafasi ya jina ndipo nilipotaka tukae, kwa sababu kuna mfano kutoka kwao hasa. Mwaka 2001 ilitoka makala ya saikolojia kuhusu watoto 85 wa Usenge, kule Bondo kando ya ziwa, wenye miaka 12 hadi 15. Watafiti walitaka kujua kama akili ya darasani ndiyo akili ya maisha. Waliwapima watoto mambo ya kawaida ya mitihani ya akili, kama msamiati, halafu wakawapima jinsi wanavyojua dawa za mitishamba: ipi ya ugonjwa upi, na hutumiwaje. Ungetarajia mwerevu wa hapa awe mwerevu wa pale. Ikawa kinyume. Waliofanya vizuri zaidi kwenye mitishamba walielekea kufanya vibaya zaidi kwenye msamiati. Ni utafiti uliotajwa sana katika mjadala wa akili ni nini, na umetoka Usenge.

Una waandishi saba. Wa kwanza ni Robert Sternberg, wa mwisho Elena Grigorenko, wote wakati ule wakiwa Chuo Kikuu cha Yale. Wa tano ni Frederick Okatcha, msomi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sasa chukua nukuu moja mpya ya makala hiyo uifuate inavyogawanywa. Kwa mwandishi wa kwanza inaweza kuongeza vipimo vitano kati ya sita. Kwa wa mwisho, vinne. Kwa wa tano, vitatu tu, na kimoja kati ya hivyo kimekatwakatwa kwa kugawanywa na saba. Nukuu ni ile ile, makala ni ile ile. Mtafiti wa Kiafrika mara nyingi sana ndiye huyo wa katikati: anajua lugha, anajua wazee wa kuombwa ruhusa, anajua swali gani likiulizwa mbele ya wakwe litaharibu kila kitu, na jina lake linakaa kati ya majina mengine. Kanuni hiyo haikutungwa ili kumwonea. Imechukulia tu kwamba nafasi ya jina inaeleza uzito wa kazi, na huku kwetu mara nyingi haielezi.

Wala si kila fani inapanga majina namna hiyo. Wachumi wengi hufuata alfabeti. Mwaka 2016 Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha utafiti wa Rarieda, jirani ya Bondo, kuhusu familia zilizopewa pesa bila masharti. Walipima furaha, msongo wa mawazo, hata kotisoli, homoni ya msongo, vitu vya saikolojia kabisa. Lakini jarida lilikuwa la uchumi, na kwa kuwa fani huamuliwa zaidi na jarida lililokuchapisha, makala kama hiyo inamhesabia mtu upande wa wachumi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky pia: makala yao maarufu ya 1979 kuhusu jinsi watu wanavyoamua mbele ya hasara ilitoka katika jarida la uchumi, Econometrica. Na orodha zenyewe hazikubaliani mpaka wa saikolojia uko wapi. Ile ya Ioannidis inaiweka saikolojia mahali pake pamoja na vijitawi vyake, na saikiatria, yaani udaktari wa magonjwa ya akili, inakaa kwenye tiba. Orodha ya kila mwaka ya watafiti wanaonukuliwa zaidi, inayotolewa na kampuni ya Clarivate, inaziweka saikiatria na saikolojia chungu kimoja. Matokeo yake mtu wa saikolojia ya watoto anashindanishwa na madaktari wanaochapisha utafiti wa jeni kwa vikosi vya mamia ya waandishi.

Swali gumu kuliko yote ni hili: mtu anapokunukuu, anasema nini juu yako? Mara nyingi hasemi kwamba wewe ni bingwa. Anasema ametumia kifaa chako. Ukienda kliniki ukaulizwa kama katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo, au umekosa usingizi, na kila jibu likapewa alama kuanzia 0 hadi 3, huenda umepimwa kwa dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa na alama hazizidi 27. Lilitolewa 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, na mwaka 2009 ukachapishwa utafiti uliopima kama linafaa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa magharibi mwa Kenya. Kila anayelitumia analinukuu, kutoka Eldoret hadi Helsinki. Vivyo hivyo, makala ya Virginia Braun na Victoria Clarke ya 2006 kuhusu namna ya kuchambua mahojiano imenukuliwa zaidi ya mara 100,000, na nadhani nusu ya tasnifu za uzamili zinazopita mezani kwangu zimo humo. Ni kazi zenye manufaa makubwa, nami naziheshimu. Ila mtengeneza jembe na mkulima ni watu wawili, na hesabu ya nukuu haiwatenganishi.

Wakati mwingine mtu ananukuu ili apinge. Wakati mwingine ananukuu kwa sababu kila mtu amenukuu; mwanasosholojia Robert Merton alilieleza hili mwaka 1968, kwamba mwenye jina huongezewa jina. Na wakati mwingine ananukuu kitu kilichooza bila kujua. Hans Eysenck wa London alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia walionukuliwa zaidi katika majarida ya karne ya 20. Mwaka 2019, zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo chake, uchunguzi wa chuo chake, King's College London, ulisema makala 26 alizoandika na mwenzake mmoja kuhusu tabia na magonjwa kama saratani na ya moyo haziaminiki. Kadhaa zimeondolewa na majarida. Nukuu zilizokusanywa na makala hizo zilikwisha kuingia kwenye hesabu kwa miaka mingi.

Kujinukuu ni tatizo dogo zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana huonekana na huweza kutolewa kwenye hesabu. Vikundi vya watu wanaonukuana kwa mapatano ndivyo vibaya. Mwaka 2023 Clarivate iliwaondoa zaidi ya watu 1,000 kwenye orodha yake kabla ya kuitangaza, kwa kushuku mienendo mibaya, ukiwemo wa aina hiyo.

Mgeni wangu aliuliza kama kuna njia yoyote ya haki. Nilimwonyesha jaribio ninalolipenda, ingawa nalo lina mipaka yake. Mwaka 2002 Steven Haggbloom na wenzake walipanga wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20. Hawakutumia majarida peke yake. Walihesabu pia nani anatajwa katika vitabu vya kufundishia, wakawauliza wanasaikolojia wenyewe, kisha wakaongeza mambo kama tuzo, na kama jina la mtu limegeuka kuwa neno la fani. Freud aliongoza kwenye majarida na kwenye vitabu. Wanasaikolojia walipoulizwa, walimtaja B. F. Skinner kwanza. Matokeo ya jumla: Skinner, Jean Piaget, Freud, Albert Bandura. Kwenye safu ya majarida, miongoni mwa wa juu kabisa alikuwepo B. J. Winer, ambaye wengi hawamjui. Aliandika kitabu cha takwimu. Kwenye matokeo ya mwisho walitaja majina 99 na nafasi ya 100 wakaiacha wazi. Mimi naona huo ni uaminifu ambao sijauona kwenye orodha nyingine.

Lakini tazama watu wanaochunguzwa na wanasaikolojia hutoka wapi. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani kwa miaka ya 2003 hadi 2007. Asilimia 68 ya watu waliochunguzwa walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Anayetafiti Wamarekani ana maelfu ya watafiti wanaotafiti Wamarekani wa kumnukuu. Anayetafiti vijana wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, ana wachache, na wengine wao ni wale wanafunzi wa tasnifu ambao Scopus haiwaoni.

Hapo nikamkumbusha kazi nyingine ya kundi lile lile la Usenge, nayo ya 2001. Waliwauliza wenyeji: kwa Dholuo, mtu mwenye akili ni wa namna gani? Walipata maneno manne. Rieko, ujuzi na werevu. Luoro, heshima na kujua wajibu wako. Paro, fikra na kuanzisha jambo mwenyewe. Winjo, kuelewa hali na namna ya kuikabili. Kati ya hayo, rieko ndiyo iliyo karibu na kile kinachopimwa na mitihani ya akili. Hayo mengine matatu mitihani haina pa kuyaweka.

Alicheka kidogo akasema mamake angewaambia hivyo bila ruzuku ya utafiti. Kisha akanyamaza, akasema anaogopa kamati ya kupandisha vyeo. Hofu hiyo ni ya haki. Tamko la San Francisco, lililoandaliwa 2012, linazitaka taasisi zipime kazi ya mtafiti kwa yaliyomo ndani yake na siyo kwa sifa ya jarida, na wengi wametia saini. Kamati, hata hivyo, huwa na mafaili themanini na alasiri moja, na namba husomeka haraka. Ushauri ninaompa kila anayekuja ni wa kazi tu. Andika namba na chanzo chake na tarehe yake. Weka kando yake makala tatu unazotaka zisomwe, na kwa kila moja eleza ni nani aliitumia na kwa kufanya nini. Kama dodoso ulilotafsiri linatumika katika zahanati, pata barua ya zahanati. Ukitaka kujilinganisha, jilinganishe na aliyeanza mwaka ulioanza wewe, kwenye kijitawi chako, ndani ya hifadhidata moja.

Tulipomaliza, h yake kwenye Scopus ilikuwa imetoka 1 ikawa 3. Aliomba nimfungulie ile makala ya Usenge. Aliisoma akiwa amesimama, mpaka kwenye umri wa watoto, halafu akahesabu kwa vidole.

"Hawa sasa wana miaka arobaini," akasema. "Hawa ni rika langu. Hii ni mitishamba yetu."

Alivuta ile karatasi niliyomchorea fahirisi h, akaigeuza, akaanza kuandika kwa Dholuo majina ya dawa anazozikumbuka na ugonjwa wa kila moja. Alifika ya saba akakwama. Akatoka nje ya maktaba, chini ya mjakaranda, akampigia simu mamake.